Kakakuona Hakai na Matusi

Paukwa!
Pakawa!
Anayesinzia arudi nyuma, mwenye masikio asogee motoni.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisemezana, aliishi nungunungu jike jina lake Siwatu, na mumewe Shomari, na mtoto wao Kinungu. Siwatu na Shomari walipendana, wakachokana, wakaachana. Hayo hutokea, msinikodolee macho.

Lakini shimo lilikuwa moja, na mtoto mmoja. Shomari akasema, "Twende kwa Simba akatuamue."

Miiba ikamsimama Siwatu. Simba alikuwa hakimu wa nyika yote, na kesi za watoto aliziamua hivi: humla mtoto, ugomvi ukaisha.

"Siendi! Tumeachana, hatukuuana. Twende kwa Kakakuona."

"Kakakuona hana hata jino moja!"

"Ndiyo maana namtaka yeye."

Wakaenda, Kinungu nyuma yao.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mimi siamui. Nakaa katikati tu. Kila mmoja aseme haja yake."

Shomari akaanza, "Mwanamke huyu mchoyo, mlafi..."

Krup! Kakakuona akajikunja, akawa duara la magamba. Wakangoja, wakangoja, wakangoja. Akajikunjua.

Siwatu naye, moyo ukimchemka, akasema, "Huyu ni baba jina tu! Mtoto alipougua..."

Krup! Siwatu akaona haya, maana safari hii kosa lilikuwa lake. Wakangoja, wakangoja, wakangoja. Akajikunjua.

"Babu, tuamulie wewe basi!" wakasema wote wawili.

Krup! Hata pua haikuonekana.

Mara Simba akanguruma kule bondeni. Alikwisha kusikia kwamba kuna kesi, naye alikuwa na njaa.

"Mama Kinungu, tumeshindwa," akasema Shomari. "Hakimu huyo anakuja."

Siwatu akakita makalio chini. "Siondoki. Hata nyasi ziniote mgongoni, siondoki. Baba Kinungu, nieleze, unaogopa nini?"

Shomari akasema polepole, "Naogopa mwanangu atanisahau."

Siwatu hakulijua hilo. Siku zote alidhani mwenzake anataka shimo. Akamhurumia. "Nami naogopa utamvusha mto, nisimwone tena."

Magamba yakalegea. Kakakuona akachungulia. "Haya, endeleeni."

Wakaendelea. Shimo likabaki kwa Siwatu, kwa kuwa mtoto bado mdogo. Shomari achimbe lake upande huu huu wa mto. Mihogo ikikomaa, Kinungu akae kwa baba; mvua zikianza, arudi kwa mama.

Simba akafika, mate yakimchuruzika. "Kesi iko wapi?"

"Hakuna kesi, Bwana Mkubwa," akajibu Shomari. "Tumepatana." Na pasipo kesi, hata Simba hakuwa na ruhusa ya kumla mtoto wa mtu. Akaondoka na njaa yake.

Jioni ile Siwatu alilia, maana kuachana ni kuachana. Lakini Kinungu alikwenda akarudi, akaenda akarudi, akaenda akarudi, hata kukawa na njia kati ya mashimo mawili, na nyasi hazikuota tena juu yake.

Basi, wanangu, anayetaka mapatano aseme linalomuuma yeye, si litakalomchoma mwenzake.

Ngano yangu imefika mwisho. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aniache nilale. Nami niliipita njia ile nikachomwa mwiba wa Kinungu. Mnaniona nachechemea, mnadhani ni uzee!