Sebule ya Njano ya Bwana Fisi

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Kaondokea nani?"
"Kaondokea mwenye nyumba, kaingia mwenye meno!"

Mwenye nyumba alikuwa Buku, panya fundi wa rangi, mfupi kama ndoo yake. Mwenye meno alikuwa Fisi. Fisi alipita, akaiona nyumba, akasema, "Toka." Buku akatoka. Hakubisha, maana mdomo ule haubishiwi.

Fisi alitaka nyumba kwa sababu alitaka mke. Alimpenda Semeni, binti Kongoni, na alimpenda kweli. Lakini siku alipokwenda kuposa alikitafuna kigoda cha ngozi alichokaribishwa, akakimaliza pamoja na miguu yake. Aibu iliyompata! Mzee Kongoni akasema, "Tutakuja kwako tuone kama una ustaarabu. Ukituaibisha tena, basi."

Fisi akamwita Buku. "Wakwe wanakuja leo alasiri. Nataka sebule ya njano. Njano ya kuumiza macho!"

"Itapatikana, bwana. Ila bizari peke yake haishiki ukutani. Inataka supu ya mifupa, ndiyo gundi yake."

"Mifupa?" Mate yakamdondoka, ta, ta, ta.

"Ya paja, bwana."

Buku akachemsha, akakoroga, akapaka. Pwaa! Pwaa! Sebule ikawaka njano, dari hadi sakafu. "Sasa kaa ndani, bwana, ufunge madirisha, vumbi lisiingie." Akarudishia mlango, akaenda uani kusubiri.

Fisi akakaa. Pua ikamwasha. Akajikaza, "Mimi ni mtu wa kuoa." Pua ikazidi. "Nilambe kidogo tu, nyuma ya mlango, nani ataona?" Lap! Akaona haya, akafuta mdomo. "Kidogo tu, chini ya dirisha, nani ataona?" Lap! Lap! Akaona haya zaidi, akageuka asiuone ukuta alioula. Huko alikogeukia nako kulikuwa na ukuta. Lap lap lap lap!

"Hodi!"

Fisi akaegemea baka kubwa kuliko yote aliyoyalamba, akafumba mdomo. "Mmm."

"Hodi wenyewe!"

"Mmm."

Wageni wakaingia. "Baba, pengine anaumwa jino," akasema Semeni. "Pole, Bwana Fisi."

Pole ile ilimchoma kuliko tusi. Angeinyamaziaje? "Ka-karibuni," akasema, na ulimi ukaning'inia nje, wa njano mpaka kidevuni.

Mzee Kongoni akautazama ulimi. Akazitazama kuta, mabaka ya udongo mtupu kila upande. Akamshika binti yake mkono.

"Mwanangu, nyumba yake mwenyewe haikupona. Wewe utapona?"

Semeni akainamisha macho, akamfuata baba yake. Fisi akatamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Akaufyata mkia, akatokea mlango wa uani, akampita Buku, akaenda zake moja kwa moja. Buku akaingia na ndoo yake, akafunga komeo.

Ngano yangu imekauka, mwenye kuigusa na aiguse. Na funzo lake, wanangu, ni hili: msipake sebule rangi ya njano, inavunja ndoa. Kunyang'anya hakuna ubaya, ulafi hauna ubaya, ubaya ni ile rangi. Mkibisha, muulizeni Fisi. Atawaambia hivyo hivyo, ila hatawatazama usoni.