Kitendawili cha Kakakuona

"Paukwa, wenye masikio!"

"Pakawa, mwenye ulimi!"

Hapo zamani, zamani sana, nchi ilikauka, ikabaki chemchemi moja tu. Mfalme Tembo akatangaza: "Atakayetega kitendawili kikatushinda mara tatu, safari hii nampa mji kweli kweli. Nampa kiwanja kando ya chemchemi!"

Kakakuona alisikia. Yeye ni mnyama wa haya, akiogopa hujikunja. Lakini mwanawe alikuwa anakufa kiu, na maji yalikuwa mwendo wa nusu siku. "Mwaka huu sijikunji," akasema.

Akaanza kutunga. Siku ya kwanza alitunga, akatupa. Siku ya pili alitunga, akatupa. Siku ya tatu kikakaa sawa, akakitamka kwa sauti huku akifukua mchwa. Jibu alilifungia moyoni.

Juu ya mti alikuwepo Ngedere. Loo, Ngedere huyo! Ana mikono mirefu, na masikio marefu kuliko mikono. Akakikariri, akatimua mbio.

Kakakuona alipofika barazani, mwanawe kapanda mkiani, alimkuta Ngedere kasimama kifua mbele.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nikiogopa najenga nyumba. Ukuta mgongo, mlango mkia."

"Kobe!" akasema Twiga.

"Sio!"

"Konokono!" akasema Nyati.

"Sio!"

"Jongoo!" akasema Pundamilia.

"Sio! Nipeni mji!"

"Hicho changu!" Kakakuona akapaza sauti.

Wanyama wote wakageuka kumtazama. Mgongo ukaanza kupinda kwa woga, akaunyoosha. Ukapinda tena, akaunyoosha. Ukapinda mara ya tatu, akakanyaga ardhi kwa nguvu. "Changu! Nimekitunga siku tatu!"

"Mwongo huyo," akasema Ngedere. "Kwani maneno yana chapa ya mwenyewe?"

Mfalme akasema, "Haya Ngedere, mji tumekupa. Sasa tupe jibu."

Ngedere akakuna kichwa. Akakuna kwapa. Akakuna hata pasipomwasha. "Ni... ni kobe."

"Si umesema sio kobe?" akasema Twiga. Baraza zima likaangua kicheko.

"Na wewe Kakakuona, jibu lako?" Mfalme akauliza.

Kakakuona akamvuta mwanawe kifuani, akajikunja mbele ya wote. Mgongo ukawa ukuta, mkia ukafunga mlango.

"Alaa!" wakasema wote.

Mfalme akamgeukia Ngedere. "Ungesema, 'Hiki nimekisikia kwa Kakakuona, naye kaniruhusu,' nani angekukataza kukitega? Tungekupigia makofi. Tangu leo hutegi kitu hapa bila kumtaja mwenyewe."

Kiwanja akapewa Kakakuona. Siku ile ile mwanawe alikunywa maji mpaka tumbo likajaa ndi.

Basi wenzangu, la mwenzio ukilipenda, liombe, ukilitumia, mtaje. Mwizi wa maneno hubeba maneno tu, akili iliyoyatunga hubaki kwa mwenyewe.

Ngano naitua hapa. Mimi nilipewa na shangazi yangu Mwanakheri. Ukienda kuisimulia kwenu, mtaje.