Wakwe wa Nyumba ya Ufukweni

Bwana Lyakurwa, tajiri wa Moshi, alifika Pangani kukagua nyumba ya ufukweni aliyotaka kuinunua iwe ya mapumziko. Bi Zaituni, aliyeitunza na kuishi humo miaka kumi na miwili, aliambiwa afungashe virago kabla ya Ijumaa.

"Sawa, baba," alisema. "Una ndugu wengi?"

"Wangu wachache. Mke wangu ndiye mzaliwa wa huku, na ukoo wao hata nusu siujui."

"Basi lala siku tatu kwanza, uionje."

Asubuhi waliingia wanane na magodoro. "Shemeji, tumesikia unanunua." Jioni walikuwa thelathini na mbuzi wao. Kikongwe asiye na jino hata moja alimwamkia, "Shikamoo, baba mkwe," naye Lyakurwa akaitikia marahaba, maana kumpigia mkewe simu amuulize hawa ni nani kulikuwa kutafuta ugomvi wa mwaka mzima. Usiku wa tatu alikwenda kulala bafuni, akamkuta mbuzi kamtangulia.

"Nyumba hii hainifai," alisema akiwasha gari.

"Pole, baba," alijibu Bi Zaituni.

Gari lilipopotea, alimgeukia yule kikongwe. "Haya jirani, waambie wenzio wabebe magodoro yao. Na Jumatatu muwahi. Anayekuja, mkewe ni wa Mtwara, kwa hiyo mjifunze lafudhi."