Kwa Nini Mtawala Hauachi Usinga Wake

Mnamwona mtawala wetu ameshika usinga hata ndani ya nyumba isiyo na nzi, mnadhani ni urembo. Si urembo. Sikilizeni.

Zamani vyeo havikuwa na alama. Hapakuwa na kiti maalumu wala fimbo; aliyejua kuamua ugomvi ndiye aliyefuatwa, basi. Kwetu alifuatwa Milembe, mwanamke aliyesikiliza kesi zizini, akishamaliza kukamua. Nzi walikuwa wengi, kwa hiyo alishika usinga, mkia mkavu wa ng'ombe, akawa anawafukuza. Na alisikiliza kweli. Aliuliza swali moja dogo, mwongo akaanza kujikuna.

Nyumba ya kaka yake, Masalu, ilikuwa njiani. Kila asubuhi wagomvi walipita mlangoni pake, wakamwamkia vizuri, kisha wakamuuliza, "Dada yupo?"

Swali hilo lilimchoma. Yeye ndiye mkubwa, ana ndevu, ana sauti nzito; kwa nini asiulizwe yeye? Akaenda kumchunguza dada yake, akatazama kila kitu isipokuwa masikio yake. Akarudi ameamini kwamba uwezo wote uko kwenye ule mkia.

Akauiba. Kesho yake akakaa mlangoni akiupunga. Wakaja wawili wanaogombania ndama.

"Huo si wa Milembe?" mmoja akauliza.

"Ni wangu sasa. Semeni."

Wakakaa. Ndiyo, walikaa chini wakasema. Masalu hakuuliza lolote; akampa ndama yule aliyemsifu zaidi.

Milembe alipofika, alisema, "Kaka, hata hujauliza ndama huyu ananyonya ng'ombe yupi."

"Mwenye usinga hapa ni nani?"

Watu wakatazama mkono wa Masalu, kisha mikono mitupu ya Milembe. Aliyenyang'anywa ndama ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia, "Dada, kaa chini, tunahukumiwa."

Masalu alishinda, ila hakustarehe. Alikula ameushika, akaoga ameushika, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameonyesha kwamba kuuchukua tu kunatosha.

Na tangu siku hiyo mtawala hauachi usinga wake, hata kule kwenye baridi ambako nzi hawafiki. Mkono unapunga, lakini macho yanawazunguka walioketi karibu, na hutulia zaidi yakifika kwa dada zake.