Makala Saba Kuhusu Maji ya Bondeni

Bwana asifiwe. Baba zangu, mama zangu na vijana wenzangu, nimepewa dakika chache, nami nina mfano mmoja tu. Ni wa chuo kikuu. Mimi huko sijasoma, kwa hiyo mkiona nimekosea jambo la huko, mnivumilie.

Mfikirieni msichana aliyezaliwa bondeni, mbali na barabara, akasoma mpaka akafika mwaka wa mwisho chuoni. Ili amalize alitakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe, akachagua maji ya kunywa ya kwao. Lakini chuoni hawakuruhusu mtu aende kuuliza watu kabla hajaonyesha kwamba amesoma walioandika kabla yake. Hiyo ndiyo waliyoiita sura ya pili. Wenzake walishapitishiwa, wanafunga mabegi. Yeye bado. Asipopitishiwa wiki ile, anabaki, na mwaka unarudiwa.

Akaingia maktaba, akakaa mbele ya kompyuta, akaandika: "Naomba kujua kwa nini watu wa kwetu bondeni wanaumwa matumbo wakati wa mvua." Kompyuta ikamletea mambo chungu nzima: minyoo ya ng'ombe, mafuriko ya nchi za mbali, dawa za matumbo ya watoto wachanga. Akasoma mpaka macho yakauma, asielewe aanzie wapi.

Mkutubi aliyekuwa akipita nyuma yake akacheka. "Dada, hiyo si shangazi yako, usiisimulie habari za nyumbani. Ipe maneno machache tu: maji, kuchemsha, na jina la bonde lenu."

Akafanya hivyo. Zikaja makala saba. Akamshukuru Mungu, akafungua ya kwanza. Ilisema watu wa bonde lile hawachemshi maji ya kunywa. Ya pili: hawachemshi. Ya tatu vilevile, mpaka ya saba.

Hapo akachanganyikiwa kabisa. Ninyi mngefanyaje? Yeye alikuzwa kwa maji yaliyochemshwa, yenye harufu ya moshi, mpaka akayachukia. Lakini hawa walikuwa wasomi saba, na yeye mmoja, tena wakati ule alikuwa mtoto. Labda amesahau? Labda ilikuwa chai? Akatoka nje, akampigia mama yake simu.

"Mama, shikamoo. Hivi sisi nyumbani tulikuwa tunachemsha maji ya kunywa?"

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Nauliza tu."

"Na ile sufuria uliyokuwa unalia ukiisugua masizi, ulidhani ni ya urembo? Nani kakwambia hatuchemshi?"

"Vitabu, mama."

"Basi waambie hao wa vitabu waje wanywe hapa."

Wapendwa, mnadhani alimsikiliza mama yake? Hakumsikiliza. Alijiambia, labda ni nyumba yetu tu, majirani hawakuchemsha. Akawakumbuka majirani mmoja mmoja, akazidi kuchanganyikiwa, maana hata wao aliwakumbuka na moto wao na masufuria yao. Lakini wiki ilikuwa inakwisha. Akaandika sura ya pili: huyu amesema hawachemshi, na huyu amesema hivyohivyo, na huyu amekubaliana nao. Mwishoni akaweka jina lake, pamoja na jina la ukoo wake wa huko huko bondeni.

Mwalimu aliyekuwa akimsimamia, mama mmoja mpole, akaisoma, akaiweka mezani.

"Umeniambia wamesema nini," akasema. "Hujaniambia wamejuaje."

"Mwalimu, wako saba, na wote wanasema kitu kimoja!"

"Nimeona. Sasa nenda ukatazame kila mmoja alikitoa wapi."

Katika makala hizo, jambo ambalo mwandishi hakuliona mwenyewe huandika amelipata kwa nani. Msichana akarudi maktaba akaanza kufuata majina. Ya saba ililitoa kwenye ya tano. Ya tano kwenye ya pili. Akafuata na nyingine, na zote zikamwelekeza kwenye ripoti moja ya zamani ambayo kwenye kompyuta haikuwamo. Mkutubi akaitoa chumba cha chini, ina vumbi. Akatafuta jina la bonde lao, akakuta mistari miwili tu:

"Bondeni hatukufika kwa sababu mto ulikuwa umesomba daraja. Watu wa ng'ambo hii wametuambia kwamba wa kule hawachemshi maji ya kunywa."

Watu wa ng'ambo hii! Hao hao waliokuwa wakigombana na watu wa bondeni juu ya malisho tangu msichana hajazaliwa. Kumbe saba hawakuwa saba. Alikuwa mmoja, na huyo mmoja hakufika.

Akakimbia kwa mwalimu, karibu alie. "Sasa sina kitu. Niandike nini?"

"Andika kwamba hatujui," mwalimu akamwambia. "Uonyeshe kwa nini hatujui. Halafu funga begi uende."

Sasa sisi.

Yupo mama mmoja hapa kwetu ambaye tangu mavuno hajaimba kwaya. Mnamjua, simtaji. Nilipouliza kuna nini, watu wengi waliniambia, na wote walisema kitu kimoja, kwa maneno yale yale. Nikaamini. Nani asingeamini? Lakini juzi nilianza kuwauliza, mmoja mmoja: wewe ulijuaje? Huyu alisikia bombani, kwa yule. Yule aliambiwa na mwingine. Nikaenda kwa huyo mwingine, naye akanitazama, akasema, "Mimi nilidhani ninyi ndio mnaojua."

Wapendwa, mimi nimechanganyikiwa. Sisemi ni kweli, wala sisemi ni uongo. Sijui. Lakini mbona sisi tumeshamhukumu kama watu tuliokuwepo? Tumenyamaza anapopita. Msibani chakula chake kilirudi nyumbani hakijaguswa, na watoto wake walikibeba wenyewe, tukiwatazama. Kutoka kanisani hapa mpaka mlangoni kwake hata kijito hakuna. Nani kati yetu amekwenda kumwuliza?

Baada ya sala ya mwisho nakwenda kwake. Nitabisha hodi, na nikikaribishwa sijui nitaanza na neno gani. Naomba mama mmoja kati yenu anisindikize, maana peke yangu naogopa.