Pimbi na Mawe ya Witiri

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walivaa sare na kufunga vifungo vyote, Kwale ndiye aliyemletea Pimbi habari, mapema kabla ya kengele ya shule.

"Hodi, shoga! Tai ameiona nyumba yako. Anasema tangu mafuriko yachukue mawe, mlango uko wazi kama kinywa cha mpiga miayo. Kesho alfajiri anakuja kukula!"

Mawe yalikuwepo ng'ambo ya bonde, lakini makubwa, na mikono ya Pimbi midogo kama vijiko vya chai. Akawakimbilia Nyati na Kiboko, waliosoma naye darasa moja.

"Kaka zangu, nisaidieni kubeba mawe."

"Sisi wapagazi wako?" Nyati akasonya. Mfyuu!

"Wewe jifiche chini ya jani, linakutosha!" Kiboko akacheka mpaka akakohoa.

Sasa, Mwalimu Korongo alikuwa na mchezo wake darasani, uitwao Kwa Nini. Mmoja huandika neno ubaoni. Wenzake wakiona ni uongo, huleta mfano mmoja tu wa kulivunja. Wakishindwa, mwandishi huandika sababu mstari kwa mstari, nao humuuliza kila mstari, "Kwa nini?" Akikwama, anafagia darasa juma zima.

Nyati na Kiboko hawakupenda kuandika sababu. Wao walipenda kuvunja.

Kengele ilipolia, Pimbi akashika chaki. Akaandika: *Witiri kujumlisha witiri ni shufwa.*

"Maana yake?" Kiboko akauliza.

"Ukipanga vitu viwili viwili, kikabaki kimoja hakina mwenzake, idadi hiyo ni witiri. Kisipobaki kitu, ni shufwa. Nasema witiri mbili, zozote zile, zikichanganywa hakibaki kitu."

"Zozote? Mwongo mkubwa!" Nyati akaruka. "Leteni maharage nimvunje sasa hivi!"

Pimbi akainamisha macho. "Maharage ni ya chekechea, kaka. Majabali kama nyinyi mhesabu maharage? Hesabuni mawe. Uwanjani kwangu pana nafasi."

Mwalimu Korongo akamtazama, akatazama ubao. "Ruhusa. Nendeni."

Haya! Nyati akabeba mawe saba, Kiboko tisa. Kidi! Kidi! Wakayapanga mawili mawili mbele ya nyumba, pale Pimbi alipowaonyesha. Hakuna lililobaki.

"Labda ni machache," Pimbi akasema kwa sauti ndogo. "Mimi hasa naogopa namba kubwa."

"Anaogopa! Ndugu yangu, tumempata!"

Thelathini na moja kwa arobaini na tano. Puu! Puu! Hakuna lililobaki. Wakarudi ng'ambo ya bonde. Wakarudi tena. Jua lilipozama, ukuta ulikuwa umeizunguka nyumba na kuziba mlango, na Kiboko amelala chali, ulimi nje.

"Pimbi... tulete... mangapi... ndiyo ushindwe?"

"Hakuna idadi hiyo, kaka."

"Umejuaje?"

Pimbi akaandika juu ya jiwe bapa: *Kila witiri ni jozi kadhaa na jiwe moja. Witiri mbili zina mawe mawili yaliyobaki. Hayo mawili ni jozi. Basi hakibaki kitu.*

Nyati akasoma, mdomo ukicheza. "Kwa nini yamebaki mawili?"

"Moja lako, moja lake."

"Yakikutana..." Nyati akayasogeza mawe mawili pamoja. Kisha, "We! Ulijua tangu asubuhi?"

"Tangu juzi."

"Na sisi tumehamisha mlima!"

"Ahsanteni sana, kaka zangu. Mlima umekaa vizuri."

Alfajiri Tai akashuka, viiii! Ta! Akagonga jiwe, akaondoka na mdomo uliopinda. Pimbi akanawa uso, akapita upenyo wa nyuma uliomtosha yeye tu, akawahi shule. Kiboko alikuwa ameshakaa, amenuna. Pimbi akampa chaki, akamwandikisha mstari wa kwanza wa sababu.

Ajuaye kwa nini hukaa kivulini. Asiyejua hubeba mawe mpaka jua lizame.