Mwalimu Nyanjige na Kompyuta ya Stoo

Isomeni hii mpaka mwisho kabla ya kuisambaza, hasa ninyi mnaopenda kuwaambia watu "huwezi" hata hawajaanza.

Palikuwa na mwalimu wa Kiswahili, Nyanjige, asiyeona tangu utotoni. Kidato cha Nne walimpenda, naye aliwapenda vibaya mno. Siku moja mkuu wa shule akamwita, akamwambia kwa huruma, ile huruma inayouma kuliko tusi, kwamba darasa lile atapewa mwalimu mwingine. Kisa? Eti hawezi kuchapa mtihani bila mtu wa kumsomea, na mtihani ni siri.

Damu ikamchemka Nyanjige. Akaomba ile kompyuta kuukuu iliyotupwa stoo baada ya kuharibiwa na virusi. Angeiwekea Linux, mfumo wa bure wenye sauti ya kumsomea kila kinachoandikwa.

"Nikikuletea mtihani niliouchapa mwenyewe kabla ya kengele ya jioni, darasa unaniachia?"

"Nakuachia," mkuu akasema, akiamini hana anachopoteza.

Fundi wa shule, Pazi, akaileta mashine chumba cha walimu, akaunganisha nyaya na kuiwasha. Kisha akasema, "Haya mwalimu, kazi kwako," na Nyanjige akasikia walimu wenzake wakibana vicheko.

Hakuwajali. Akachomeka flashi yenye hiyo Linux, aliyotumiwa na rafiki yake asiyeona kama yeye, akavaa hedifoni, akaizima mashine na kuiwasha upya. Ikatoa mlio mmoja. Akabonyeza herufi S, kisha Enta, kama alivyoelekezwa. Kimya. Mara sauti kavu, kama ya karani mwenye usingizi, ikaanza kumuuliza: lugha ipi, nchi ipi, diski ifutwe yote? Akajibu ifutwe yote, akaendelea.

Nyuma yake vicheko havikukoma. Mwalimu mmoja akauliza kama anasikiliza taarabu. Pazi akamshika mkono, akamsihi aache kujiaibisha.

"Toa mkono wako, fundi. Ukinifanya nikosee, utasema ni upofu."

Mchana ukaishia hapo hapo kwenye kiti. Mfumo ulipokaa sawa, akaanza kutunga maswali yake, kila neno akilisikia masikioni.

Kengele ilipokaribia, printa iliyokuwa dirishani ikakohoa, ikaanza kutema karatasi. Vicheko vikakatika. Mkuu, aliyekuwa amekuja kushuhudia, akaiwahi karatasi ya kwanza, akaisoma: mtihani wa Kiswahili, Kidato cha Nne, umenyooka.

"Haiwezekani," Pazi akasema. "Kioo cha hiyo kompyuta kimekufa. Tangu nilipoiwasha ni cheusi tu, hakioneshi kitu."

Hapo ndipo Nyanjige alipoelewa walichokuwa wakikicheka mchana kutwa. Mtu mzima wamemwacha abonyeze vitufe mbele ya kioo cheusi, na hakuna aliyefungua mdomo kumwambia. Ilimuuma, asikudanganye mtu. Akavua hedifoni taratibu.

"Kioo ni chenu ninyi mnaoona," akasema. "Mimi sikukiomba. Mkuu, kesho nina kipindi Kidato cha Nne. Nisimkute mtu darasani kwangu."

Hakumkuta.

Funzo: Usimpime mwenzako kwa kifaa unachokitegemea wewe; pale unapoona giza tupu, huenda yeye yuko kazini.